Mbwa Wako Hana Wazimu, Hana Kazi

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu Jumapili saa mbili usiku: "Huyo mbwa wa nyumba namba 2 aondoke kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Ama aondoke na mwenyewe." Chini yake palikuwa na vidole gumba vinne. Tuko nyumba sita. Toa aliyeandika, toa mimi, hesabu ndiyo hiyo.

Baada ya dakika chache mwingine akaongeza, kama anayetania: "Dukani kuna dawa ya panya. Na haiulizi kama wewe ni panya." Wakacheka kwa vile vikatuni vya machozi.

Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimekaa sakafuni, maana kochi halikuwepo tena. Mbwa mwenyewe alikuwa mlangoni akiendelea kutafuna fremu. Na ukweli ni kwamba niliposoma neno "aondoke," kuna sehemu ndani yangu iliyopumua.

Naandika haya kwa sababu nilikaribia kukubaliana nao. Tangu usiku ule nimefikia msimamo mmoja ambao niko tayari kuutetea mbele ya yeyote, hata wewe unayefikiri mbwa ni mada ya watu walioshiba. Wengi wa mbwa tunaowaita wakorofi, wabaya, wenye wazimu, shida yao ni moja tu: hawana kazi. Na aliyewanyima kazi ni mwenye nyumba.

Nilimtoa kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama. Ni mbwa koko, mwili wa kienyeji, sikio moja la German Shepherd limesimama na jingine limelala kama halijaamua. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Tayari alikuwa ameshachukuliwa na kurudishwa mara tatu, na kwenye kadi yake sababu ziliandikwa kwa kalamu tofauti. Ya kwanza: anachimba. Ya pili: anararua vitu. Ya tatu: ameruka ukuta akafukuza bodaboda. Kijana aliyenitolea kamba aliniangalia usoni akasema, "Sister, huyu akirudi mara ya nne sijui kama kutakuwa na nafasi." Hakueleza zaidi, na sikuuliza. Kituo chochote kina vibanda vya kuhesabika, na mbwa wanaoletwa hawahesabiki. Ukijaza kibanda kwa mbwa asiyetakika, unamfungia mlango anayetakika. Sindano ya mwisho haihitaji mtu mbaya. Hesabu peke yake inatosha.

Jina alilopewa huko silikumbuki. Mimi nilimwita Mjengo, kwa sababu siku ya kwanza tu alichimba mtaro nyuma ya jikoni ambao fundi angekutoza pesa ya siku nzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa upendo. Nilisoma kila mahali kwamba mbwa aliyeteseka anahitaji upendo na subira, nikampa vyote viwili kwa kipimo cha kufurika. Nilimkumbatia, nikamzungumzia kwa sauti ya kitoto, nikamwachia kochi. Akalila. Si kulirarua tu. Alilifungua kwa utaratibu, kona baada ya kona, kama anayetafuta kitu alichoambiwa kimefichwa humo. Wakati ule niliona uharibifu. Leo najua nilikuwa naangalia ombi la kazi.

Kosa la pili lilikuwa mbio. Mtu aliniambia mbwa wa aina hii achoshwe. Basi kila alfajiri tukakimbia, kilomita tano, kisha saba, kisha nane, kutoka Nkoroi hadi karibu na barabara ya Magadi na kurudi. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nimepungua kilo nne, na ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mbwa yuleyule mwenye mapafu bora zaidi. Nilikuwa nimeajiri kocha kwa ajili ya mharibifu.

Halafu akaua kuku. Jirani wa nyumba namba 4, ambaye watoto wa ploti humwita Mama Kuku, hufuga kienyeji wapatao ishirini na kuuza mayai hapa hapa mtaani. Mjengo alipita chini ya geti, akamkamata mtetea mmoja, na mambo yakaisha kabla sijavaa ndala. Nililipa shilingi 1,200 na kuomba radhi. Mama Kuku alipokea pesa bila kunitazama. Ni yeye aliyeandika ule ujumbe wa Jumapili, na alikuwa na haki ya kuuandika. Sitaki msomaji adhani ananisikiliza nikilalamikia majirani wakatili. Mbwa asiye na kazi ni mzigo kwa kila aliye karibu naye, na mzigo huo huwaangukia kwanza watu ambao hawakumleta.

Aliyenitoa gizani ni mzee anayeishi nje ya ploti yetu, ng'ambo ya njia. Amestaafu, miaka mingi alikuwa askari katika kikosi cha mbwa cha polisi. Alinikuta getini Jumatatu asubuhi nikiwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Binti yangu, huyo mbwa unampeleka wapi?"

"Kumrudisha, Mzee. Amenishinda. Ana wazimu."

Mzee akamtazama Mjengo, ambaye wakati huo alikuwa anazunguka kama jiwe la kusagia. Akatoa ufunguo mfukoni wenye kipande cha mpira wa tairi kama kishikio, akamwonyesha, kisha akautupa ule mpira ndani ya nyasi ndefu kando ya njia. Mjengo akaingia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza. Pua chini, mkia juu, akaenda kulia, akarudi kushoto, akasimama, akazama, akatoka na ufunguo mdomoni.

"Huyu hana wazimu," Mzee akasema. "Ana likizo ndefu sana. Hata wewe ungekula kochi."

Nenda mtaa wowote wa Nairobi, Kiambu au Kajiado wenye mageti, usome yale maandishi ya rangi nyekundu: MBWA KALI. Kisha uulize mbwa huyo anaishi vipi. Kutwa nzima amefungiwa kibanda cha mbao upana wa mlango, amezungukwa na kinyesi chake, haoni kitu ila mwanga unaopita kwenye nyufa. Usiku anafunguliwa ili "alinde." Hajafundishwa lolote. Hajui mgeni ni nani na mwenyeji ni nani, maana hata wenyeji wenyewe huwajua kwa sauti na harufu ya ugali wa jana. Anabwekea paka, anabwekea upepo, anabwekea mbwa mwenzake wa nyumba ya pili naye anayebwekea upepo. Tunaita hiyo kazi.

Hiyo si kazi. Chukua soja wa geti lenu umlinganishe. Soja ana kiti, ana redio, ana uji wa jioni, ana daftari la kuandika nambari za magari, na saa kumi na mbili asubuhi anakuja mwenzake, wanasalimiana, anaenda kwake. Anajua afanye nini akiona mtu, na anajua kesho yake mtu atamwambia amefanya vizuri au vibaya. Kazi ina mwanzo, ina mwisho, na ina mtu anayeona kwamba umeifanya. Mbwa wa kibanda hana hata kimoja. Ana kifungo cha mchana na kelele za usiku. Halafu siku anamuuma mtoto wa jirani tunashangaa.

Upande wa pili wa mji kuna kosa jingine, lenye manukato. Ni wale wanaonunua mbwa kwa sura. Vijana husimama kando ya barabara wakiwa wameinua vitoto vya mbwa kama wanavyoinua chaja za simu, na dirisha la gari linashushwa. Mwaka huu Japanese Spitz mweupe kama pamba, mwaka ujao Husky, mbwa wa theluji, ndani ya fleti ya orofa ya tano. Watu hawa hawamfungii mbwa kibandani. Wanamfungia sebuleni, wakimpa nguo, picha, na jina la kizungu. Huyu mbwa alizalishwa vizazi kwa vizazi avute mizigo, wewe unamtaka akae. Akishindwa kukaa, anapelekwa kituoni, na fomu inaandikwa: anararua vitu.

Wa kibandani na wa sebuleni nawaona ndugu. Wote wawili wanajua mbwa atakuwa *wapi*. Hakuna anayejua atakuwa *anafanya nini*.

Na si kwamba hatukuwahi kujua. Ukiteremka barabara ya Magadi utawaona vijana wa Kimaasai na mifugo yao, na pembeni mbwa wawili watatu, wembamba, wenye makovu. Hawana mkanda wa shingoni wala kibanda. Mchana wakisimama kwenye kivuli wanalala usingizi wa pono. Katika msitu wa Ituri, Kongo, wawindaji wa Kimbuti wana mbwa wadogo wasiobweka, hivyo huwafunga njuga za mbao shingoni ili wasikike wakimfukuza mnyama kuelekea wavuni. Mtu aliketi akachonga njuga kwa ajili ya mbwa. Huwezi kuchonga kifaa cha kazi kwa kiumbe unayemwona pambo au kengele.

Hata Pwani, ambako watu wengi hawamgusi mbwa, na wana sababu zao za dini ambazo naziheshimu, mafundisho ya Kiislamu yaliacha nafasi kwa mbwa wa aina tatu: wa mawindo, wa mifugo, na wa shamba. Angalia orodha hiyo vizuri. Ruhusa zote tatu ni kazi. Na mnyama aliyekamatwa na mbwa wa mawindo ni halali, mradi mbwa huyo awe amefundishwa na awe ametumwa. Mbwa aliyefundishwa ana hadhi ambayo mbwa anayezurura hana. Nao wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Sisi tumelisoma neno "mkali" peke yake tukaliandika getini. Tumemsahau msasi.

Turudi kwa Mjengo, kwa sababu hoja isiyo na jasho ni maneno tu.

Mzee alikataa kabisa nimkimbize tena. "Unamchosha miguu," alisema, "na mbwa anaishi puani." Wanasayansi hukadiria kuwa pua ya binadamu ina vipokezi vya harufu milioni tano au sita, ya mbwa ina mamia ya milioni. Mbwa anayenusa kwa makini anavuta hewa kwa mafungu mafupi ya haraka, mara kadhaa kwa sekunde moja. Ndiyo maana anafanya kazi vizuri asubuhi kukiwa na baridi. Mbwa anayehema kwa joto, mdomo wazi, ananusa vibaya. Dakika ishirini za kutafuta kwa pua zilimlaza Mjengo kuliko kilomita nane za barabara. Siku ya kwanza nilifikiri ni mgonjwa. Nilimwekea mkono kifuani nione kama anapumua.

Utaratibu wenyewe hauhitaji pesa. Wiki ya kwanza nilificha kipande cha tairi mahali rahisi, yeye akiona, nikasema neno moja tu: "Tafuta." Akikileta, tunacheza nacho dakika moja, basi. Hakuna biskuti. Malipo yake yalikuwa mchezo, na mchezo ulipatikana kazini peke yake. Nje ya hapo ule mpira ulikaa juu ya kabati. Wiki ya pili nilificha bila yeye kuona. Wiki ya tatu Mzee aliniletea makopo sita ya rangi yaliyosafishwa, akayatoboa vifuniko kwa msumari.

"Sasa tumpe harufu ya kitu," alisema. "Kitu gani kinapotea hapa kwenu?"

Nikacheka, maana kila mtu kwenye ploti alijua kinachopotea. Mayai. Kuku wa kienyeji akiamua kutaga hatagi ulikomwekea nyasi. Anaenda vichakani, nyuma ya tangi, chini ya mabati ya fundi. Wewe unayapata yakiwa viza, au nguchiro anayapata kabla yako. Mama Kuku alikuwa analalamika hayo hata kabla mimi sijahamia.

Nilienda kumwomba nyasi za kiota. Alinitazama muda mrefu.

"Umekuja kumfundisha mbwa wako kula mayai yangu?"

"Nimekuja kumfundisha asiyale, Mama."

"Na akiyala?"

"Nitalipa kila moja."

Alinipa nyasi, nafikiri kwa sababu alitaka kuona nikiaibika. Tukaweka nyasi ndani ya kopo moja, mengine tukayaacha matupu. Mjengo akipita kwenye kopo lenye harufu, kabla hajalipiga kwa mguu, namwambia "kaa," anakaa, mpira unatokea. Kazi yake ikawa kunusa, kukaa, na kungoja. Hivyo ndivyo hata mbwa wa polisi wanavyofundishwa wakitafuta kitu ambacho hutaki kikwaruzwe. Makopo yalichukua siku kumi na moja. Mayai halisi yalichukua wiki tatu, na humo nililipa mayai kumi na manne, shilingi 25 kila moja. Mama Kuku aliandika hesabu kwenye kalenda ukutani. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na hakuna aliyekuwa ameniongezea siku.

Tulifanya kazi jioni tu, kuku wakishafungiwa, Mjengo akiwa kwenye kamba ndefu. Tarehe 26, nyuma ya tangi la maji, alisimama ghafla, akapeleka pua chini ya bati moja, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa. Akanitazama. Nikainua bati. Mayai tisa. Sita mazima, matatu viza. Hakuligusa hata moja. Mwili wote ulikuwa unatetemeka kwa hamu ya mpira, lakini makalio yalikuwa chini kama yamepigiliwa misumari.

Nikageuka. Mama Kuku alikuwa amesimama mlangoni kwake na mwiko mkononi. Hakusema kitu. Saa mbili usiku simu ikalia. Kundi lilelile la ploti: "Mbwa wa namba 2 abaki. Nina kazi naye."

Sasa wacha nijibu wanaosubiri kunishika shati.

Wa kwanza anasema: "Vijana hawana kazi nchi hii, wewe unatafutia mbwa?" Naisikia hoja hii na siidharau, nina wadogo zangu wanaotembea na bahasha za vyeti. Lakini tazama vizuri. Mbwa yuko tayari getini mwako. Tayari anakula. Tayari anabweka saa tisa usiku. Sikuombi umwongezee bajeti. Nakuomba dakika ishirini na kipande cha tairi. Tena anayeumia mbwa akiachwa hivi hivi si tajiri. Ni mtoto anayetumwa dukani, ni mama anayepeleka maziwa nyumba kwa nyumba, ni kijana wa bodaboda. Kichaa cha mbwa kikimpata mtu na dalili zikaanza, karibu hakuna anayepona, na karibu maambukizi yote ya binadamu hutoka kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Kenya ina mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Nani atamshika mbwa ambaye hajawahi kushikwa, hajawahi kutoka kibandani, ili achanjwe? Mbwa anayejua kukaa na kungoja huchanjwa kwa dakika moja. Mjengo amechanjwa, amehasiwa, na daktari wa mifugo hakuhitaji watu watatu kumkalia.

Wa pili anasema: "Hayo ni mambo ya mbwa wa wazungu. Hawa wetu koko hawafundishiki." Huyu simjibu kwa upole. Sisi ni jirani wa nchi iliyomfundisha panya. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitumwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70 kabla ya kustaafu mwaka 2021, na Uingereza wakampa nishani ya dhahabu. Panya! Yule tunayemnunulia sumu. Huko Montana, Marekani, shirika la Working Dogs for Conservation huenda kwenye vituo vya mbwa likitafuta makusudi wale walioshindikana, wanaoruka kuta na kukataa kutulia, maana huyo ndiye atakayetafuta siku nzima bila kuchoka. Mbwa wanaonusa pembe za ndovu kwenye bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hawakuchaguliwa kwa upole. Walichaguliwa kwa sababu wakiona mpira akili zinawaruka. Kile kilichoandikwa kwenye kadi ya Mjengo kama sababu ya kumrudisha, kwingine ni sababu ya kumwajiri.

Wa tatu ndiye ananisumbua zaidi kwa sababu nilikuwa yeye. Ni mpenda wanyama. Anasema mbwa anahitaji upendo tu. Rafiki yangu, upendo bila kazi ulimlisha Mjengo kochi na kumuua kuku wa watu. Nilikuwa nampenda kwa ajili yangu, nijione mtu mwema. Hakuna siku niliyomuuliza anajua kufanya nini. Nilipoacha kumhurumia na kuanza kumtuma, ndipo alipoanza kuniangalia kama mtu anayenijua.

Nakiri yale ambayo hoja yangu haifiki. Kuna mbwa wagonjwa, wenye maumivu, waliopigwa hadi kila mkono ukawa fimbo. Hao wanataka daktari kwanza. Kuna mbwa wazee ambao kazi yao ni jua la asubuhi. Wala Mjengo hakugeuka malaika. Juzi aling'oa sukuma wiki mistari miwili. Kuku simwamini nao hata leo, na hatafunguliwa kamba kuku wakiwa nje. Kazi haikuufuta uwindaji wake. Iliupa saa, mahali na sheria. Sidai zaidi ya hapo.

Ninachotaka ni kidogo. Wewe unayekwenda kituoni Jumamosi, usimchague mbwa kwa macho ya huzuni. Mtupie kitu nyasini uone anafanya nini, halafu ujiulize kama nyumbani kwako kuna kitu cha namna hiyo cha kufanya. Kama hakipo, mchukue yule aliyelala pembeni. Naye anahitaji kwao. Nanyi mnaosimamia vituo, fomu niliyojaza iliniuliza kama nina ukuta, una urefu gani, nina watoto wangapi, nani analipa kodi. Maswali mazuri. Ongezeni moja: "Utampa kazi gani?" Asiye na jibu asiondoke na mbwa mwenye mbio, aondoke na karatasi yenye namna tano za kumpa kazi, arudi wiki ijayo. Na wewe wa MBWA KALI, sikuambii ufute maandishi. Mfungulie mchana. Mfundishe jina lake. Mwonyeshe mpaka wa kiwanja, mwonyeshe mgeni, mwambie "imetosha" akishabweka, na akinyamaza umsifu. Ukitaka mlinzi, mpe ulinzi. Ulichonacho sasa ni mfungwa anayepiga kelele.

Mara nyingi namfikiria yule mbwa aliyekuwa kibanda cha pili siku ile, mweusi, aliyeuma waya hadi ufizi ukatoka damu. Nilimwogopa nikampita. Nilijiambia huyo ndiye mwenye wazimu wa kweli. Sijui alikuwa anajua kutafuta nini. Hakuna aliyemtupia ufunguo.

Ni saa kumi na mbili kasorobo jioni ninapomaliza kuandika. Mjengo amekaa chini ya kabati lenye ule mpira, hatafuni kitu, anatazama mlango. Naye anagonga, kama kila siku saa hizi, bila hata kusalimia:

"Namba 2! Kuku wameshalala. Niletee huyo mfanyakazi wangu."